Mawingu Yaliyoipita Lupanga kwa Urefu
Kweli na uongo kuhusu kusanifu michongo ya mwinuko kwa mashine ya CNC

Kijana mmoja wa Kihonda, Morogoro, alisimama karibu na stendi ya Msamvu asubuhi, akaipiga picha milima ya Uluguru kwa simu yake. Picha ilitoka vizuri. Akaiingiza kwenye programu ya kusanifu michongo, akabonyeza kitufe kinachogeuza picha kuwa mwinuko, akaipeleka faili kwenye mashine ya karakana aliyokuwa akijifunzia. Ubao wa mtiki ulipotoka, mawingu yaliyokuwa yamekaa juu ya kilele cha Lupanga yalikuwa yameinuka kuliko kitu kingine chochote. Mlima wenyewe ulikuwa shimo. Mabati mapya ya nyumba za mjini yalisimama kama misumari.

Ubao ule ninao mpaka leo. Kila anayekuja kuniuliza habari za mafunzo haya namwonyesha huo kwanza, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho watu hukiamini kuhusu kazi hii na ambacho hakiko hivyo.

Ninaposema mchongo wa mwinuko nina maana ya nakshi iliyoinuka juu ya ubao bila kuachana nao: ua lililo kwenye mlango, kichwa cha simba kwenye ubao wa kichwani wa kitanda, sura ya mtu kwenye sarafu. Mafundi wa pwani wameichonga kwa patasi na bobari kwa karne nyingi. Siku hizi kompyuta inaweza kuiongoza mashine, ndiyo hiyo ya CNC, ifanye sehemu kubwa ya kazi hiyo, na vijana wa Morogoro wanataka kuijua. Wana haki ya kuambiwa ukweli kabla ya kumaliza mbao zao.

“Ukiwa na picha safi, programu inakutengenezea mchongo.”

Uongo, na katika yote ninayoyajua ndio uliokula mbao nyingi zaidi.

Programu inapogeuza picha kuwa mwinuko haioni mlima wala tembo. Inaona vitone vya kijivu, na kila kitone kina namba: 0 ni cheusi kabisa, 255 ni cheupe kabisa. Cheupe kinapanda, cheusi kinashuka, na cha katikati kinakaa katikati. Ndiyo maana mawingu yaliipita Lupanga. Ndiyo maana pia mboni ya jicho hutoka kama tundu, mvi za babu hupanda juu ya pua yake, na kivuli cha mti kilicholala ukutani huchongwa kama mfereji. Kamera inakueleza jinsi mwanga ulivyokiangukia kitu. Mchongo unataka kujua kitu hicho kimetokeza kiasi gani. Hizo ni habari mbili, na hakuna kitufe kinachoigeuza moja kuwa nyingine kwa uhakika. Zipo programu mpya zinazokisia vimo kutoka kwenye picha, na nyingine zinakisia vizuri, lakini makisio hayo yanahitaji jicho la mtu anayejua kitu chenyewe kilivyo.

Ipo picha ambayo weupe wake ni kimo kweli. Mimi naiita picha ya vimo. Mfano mzuri kuliko wote kwa mtu wa Morogoro ni milima yake mwenyewe. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu. Tangu 2014 vipimo vya Afrika kwa kila meta 30 vimetolewa bure, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kupakua kipande chenye Uluguru. Katika faili hiyo kila kitone ni urefu kutoka usawa wa bahari. Hakuna wingu humo wala kivuli.

Tuipeleke hesabu kwenye ubao. Chukua eneo la kilomita 40 kwa 40, kuanzia mjini Morogoro hadi kusini kwenye kilele cha Kimhandu, ulichonge kwenye ubao wa milimita 400 kwa 400. Kilomita moja imekuwa milimita 10. Mji uko kwenye meta 500 hivi, Kimhandu inapita meta 2,600. Tofauti ni meta 2,100, ambazo ubaoni ni milimita 21 tu. Kwa hiyo safu nzima ya Uluguru, bila kutiwa chumvi yoyote, inaenea ndani ya unene wa ubao wa inchi mbili na bado unabaki na mgongo imara nyuma. Kijana wa Kihonda alipoifanya hesabu hii kwa kalamu ndipo alipoelewa kwamba kusanifu mwinuko ni kugawa kimo, na kwamba kimo ni mali ya kuhesabiwa kama mbao na fedha.

Jambo dogo ambalo wengi hulikanyaga: picha ya kawaida ya kijivu ina ngazi 256 tu. Ukizigawa meta 2,100 kwa ngazi hizo, kila ngazi inameza meta nane. Kwenye miteremko mikali huzioni. Lakini kwenye uwanda wa bwawa la Mindu, ukishapaka vanishi na mwanga ukaingia kwa ubavu, mistari inajitokeza kama matuta ya shamba. Dawa ni kuhifadhi picha ya vimo kwa biti 16, yenye ngazi 65,536, na kamwe usiipitishe kwenye JPEG njiani, kwa sababu JPEG inazirudisha zote kuwa 256 na kuongeza uchafu wake juu.

“Ukijua kompyuta umemaliza, mambo ya patasi ni ya wazee.”

Uongo, na huu unaniuma.

Aliyemtoa kijana yule kwenye mkwamo ni seremala mzee, mzaliwa wa milimani, ambaye hajawahi kushika kipanya cha kompyuta. Alipouona ubao wa mawingu hakucheka. Aliupeleka dirishani, akauinamisha huku na huku, kisha akamwambia, “Mwanangu, hapa umechonga jua. Mlima hujauchonga.” Akaomba mche wa sabuni na kisu. Akachonga jani moja la mgomba, lenye upana wa vidole vitatu, akaliweka mezani na kumwambia kijana awashe tochi ya simu kwa ubavu. Jani lilionekana limejikunja kabisa. Tochi ilipopandishwa juu yake moja kwa moja, jani likapotea. “Nipimie kina chake,” mzee akasema. Hakikufika milimita nne.

Somo lile ningelifanya la kwanza katika kila darasa. Sabuni ya mche inauzwa kila duka, haina mshipa wa mti, na ukikosea unafulia. Ukichonga majani kumi ya sabuni, vidole vyako vinajua jambo ambalo skrini haiwezi kukuambia: jicho halisomi kimo, linasoma kivuli. Jani lenye bonde la taratibu na ukingo mkali linaonekana refu kuliko jani lililoinuliwa lote kwa pamoja.

Tena, hatua za programu ni zilezile za fundi wa mkono, zimebadilishwa majina. Fundi wa mlango wa Zanzibar huchora nakshi, kisha hushusha uwanja unaozunguka ua mpaka ua libaki limesimama kama kisiwa, ndipo huanza kuliviringisha na kulitia mishipa. Programu nayo inataka uchore mistari kwanza, uinue umbo kutoka ndani ya mistari hiyo, ulipe mgongo wa mviringo au wa paa la nyumba, kisha uongeze mishipa juu yake. Maumbo hupangwa kwa tabaka, na kila tabaka huulizwa swali moja: likikutana na lililo chini yake, lifanye nini?

Hapo ndipo wanafunzi wengi huzama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tabaka linaweza *kuongezwa*: kimo chake kinajumlishwa na cha chini, na hivyo ndivyo unavyoweka mishipa juu ya jani, maana mishipa inafuata mawimbi ya jani lenyewe. Linaweza *kutolewa*, kama unavyochimba mfereji. Linaweza pia *kuunganishwa kwa kilicho juu*: kila mahali programu inaangalia lipi limeinuka zaidi na kuliacha hilo peke yake. Hivyo ndivyo matawi mawili yanavyopishana bila kubebana. Mwanafunzi akitumia kuongeza mahali pa kuunganisha, pale matawi yanapopishana panaota nundu, kama goti lililovimba. Nimeona milango iliyolipiwa na kutundikwa ikiwa na nundu hizo kila kona. Mwenye nyumba anajua kuna kitu hakijakaa sawa, ila hawezi kukitaja.

Mzee aliongeza kitu ambacho sijakiona kikielezwa vizuri kwenye somo lolote la video. Majani mawili yakipishana, la mbele halihitaji kuwa juu kila mahali. Linahitaji kuwa juu pale tu ukingo wake unapopita juu ya mwenzake. Na la nyuma linatakiwa *liiname* likifika pale, lizame kidogo chini ya mwenzake, kisha liinuke tena upande wa pili. Kwa mbinu hiyo unaweza kupanga majani sita ndani ya milimita nane. Programu zina kifaa cha kuliinamisha umbo upande mmoja. Kijana alikuwa amekipita kila siku bila kujua ni cha nini.

“Kina kikubwa ndicho kinachoupa mchongo uhai.”

Uongo. Toa sarafu ya shilingi 200 mfukoni. Upande mmoja kuna Karume, upande wa pili kuna simba. Geuza ya 500, kuna nyati. Sarafu nzima ni nyembamba, na mwinuko wa mnyama juu yake ni sehemu ndogo sana ya unene huo, lakini unaliona fuvu, unaliona shavu, unajua pembe ipi iko mbele.

Aliyesanifu simba yule hakumchukua simba mzima akambonyeza kwa usawa. Ukifanya hivyo kwenye programu, yaani ukachukua kichwa cha simba chenye kina cha milimita 300 na kukishusha chote kwa uwiano mmoja hadi milimita 10, pua inakula karibu kimo chote na macho yanabaki mistari hafifu. Msanifu hubana kimo kwa ubaguzi: miinuko mikubwa inabanwa sana, midogo inabanwa kidogo. Pua inapoteza sehemu kubwa ya urefu wake, kope haipotezi karibu chochote. Nusu ya ufundi wa mwinuko iko hapo, na sarafu inakufundisha bure kila unaponunua vocha.

“Mashine haiwezi kuchonga chini ya jani.”

Kweli, kwa mashine karibu zote tunazozungumzia. Mashine ya mihimili mitatu inakwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Biti, yaani ncha ya kukatia, inashuka wima. Kwa kila nukta ya ubao kuna kimo kimoja tu, hivyo chochote kilichofunikwa na kingine hakifikiki. Ukitaka ncha ya ua iachane na ubao kidole kipite chini yake, hiyo ni kazi ya bobari baada ya mashine kuzimwa. Mashine za mihimili mitano zipo duniani na bei zake ni za viwanda vya ndege. Teknolojia yenyewe ilitoka huko: mashine ya kwanza iliyoongozwa kwa namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, nayo ilitokana na juhudi za John Parsons za kupata njia ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa kufuata orodha ya namba.

“Biti ikiwa ndogo, kazi inakuwa safi.”

Nusu kweli, na nusu ya uongo inashangaza.

Kazi ya mwinuko hupitiwa mara mbili. Kwanza biti bapa nene inaondoa mbao nyingi na kuacha umbo lenye ngazi. Kisha biti ya ncha ya mviringo inapita mstari kwa mstari kumalizia, kama mtu anayelima matuta yaliyosogeana sana. Kati ya mstari na mstari hubaki kituta kidogo. Kimo cha kituta hicho ni umbali wa mistari ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukagawanywa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha biti. Biti ya milimita 6, mistari ikiachana kwa nusu milimita, inaacha kituta cha milimita 0.01. Hicho msasa unakifuta kwa dakika. Weka sasa biti ya milimita 3 kwa nafasi ileile ya nusu milimita. Kituta kimekuwa mara mbili. Biti ndogo imeleta uso *mchafu* zaidi.

Ili biti ndogo ikupe usafi uleule lazima usogeze mistari karibu, na hapo unalipa kwa saa. Ubao wetu wa Uluguru wa milimita 400 kwa 400, mistari ikiachana kwa nusu milimita, una mistari 800. Jumla ni meta 320 za safari. Kwa mwendo wa meta mbili kwa dakika ni saa mbili na dakika 40. Sogeza mistari hadi robo milimita, ni saa tano na dakika 20. Na hiyo ni hesabu ya ubao tambarare. Kupanda na kushuka milima kunaongeza.

Biti ndogo ina faida moja ya kweli: inaingia mahali biti kubwa haiingii. Kwa hiyo msanifu mzuri humalizia ubao wote kwa biti kubwa, halafu anachora duara kuzunguka jicho, mkunjo wa ukucha na jina la mwenye nyumba, na kuituma biti ndogo huko tu.

Saa hizo zina jambo jingine ambalo masomo ya Ulaya hayaligusi. Umeme ukikatika katikati ya safari ya saa tano, mashine nyingi husahau zilipo. Kwa hiyo sanifu kazi ukijua umeme unaweza kuondoka. Toboa tundu dogo kwenye meza ya mashine, nje ya ubao, ulifanye hilo ndilo sifuri yako ya pembeni, yaani mahali vipimo vinapoanzia, ili umeme ukirudi uweze kuipata tena kwa ncha ya biti. Chagua sifuri ya wima kwenye meza, usiichague juu ya ubao, kwa sababu uso wa ubao utakuwa umeshaliwa. Kisha ikate njia ya kumalizia vipande vya nusu saa au dakika 40, kila kimoja faili yake. Umeme ukikatika unapoteza kipande kimoja, na mlango wa mteja unabaki salama.

“Mbao yoyote inafaa, mradi iwe ngumu.”

Uongo. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, unapatikana kwetu kutoka mashamba ya Mtibwa na Kilombero, na unapendeza. Lakini ndani yake mna chembe za silika zinazosaga makali ya biti. Mvule una tabia ya kuficha mawe, mabonge ya chokaa yaliyojijenga ndani ya mti ukiwa hai, na biti ikigonga moja inaweza kuvunjika papo hapo. Mninga husinyaa kidogo sana ukikauka na hushika kona kali, ndiyo maana mafundi wanaupenda. Paini una pete laini na ngumu zinazopishana, kwa hiyo mwinuko mwembamba hutoka na manyoya. Mpingo ni mzito hata unazama majini. Uupe mwendo wa pole na mikato myembamba. MDF haina mshipa, ni nzuri kwa majaribio ya kwanza, ila kona zake humeguka na vumbi lake ni baya.

Kuhusu vumbi nitasema bila kuzunguka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mashine ikimalizia hutoa vumbi laini kuliko msumeno, kwa saa nyingi, na kijana anasimama hapo hapo akitazama. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Karakana isiyo na bomba la kufyonza vumbi isifundishe.

Na ubao uwe mkavu. Mwinuko huondoa mbao upande mmoja tu. Ubao wenye maji ukishaliwa uso wake hupinda kama bakuli ndani ya wiki. Paneli iliyoungwa kwa vipande vyembamba, mshipa wa kimoja ukigeuzwa dhidi ya mwenzake, hutulia kuliko ubao mmoja mpana.

“Bila programu ya bei kubwa huwezi kujifunza.”

Uongo. Blender ni ya bure, na ni programu huria tangu 2002, inaendesha kazi kubwa za filamu, na inaweza kukupa picha ya vimo ya kitu chochote ulichokifinyanga ndani yake. Inkscape ni ya bure kwa kuchora mistari. FreeCAD ni ya bure na inatoa njia za biti. Aspire ya kampuni ya Vectric ya Uingereza, ambayo imetengenezwa kwa kazi hii hasa, ina toleo la majaribio linalokuacha usanifu utakavyo. Linazuia tu kutoa faili ya kuchonga kazi yako. Miezi sita ya kusanifu bila kuchonga si hasara kwa mwanafunzi.

Kinachonisikitisha ni flashi zinazozunguka zikiwa na nakala zilizovunjwa za ArtCAM. Programu hiyo ilikuwa ya Delcam ya Birmingham. Autodesk iliinunua kampuni hiyo mwaka 2014 na kuacha kuiuza ArtCAM mwaka 2018. Kazi yake iliendelezwa kwa jina la Carveco. Kwa hiyo anayejifunza kwa nakala ile ya flashi anajifunza nyumba iliyohamwa: hakuna marekebisho, hakuna wa kumuuliza, na mara nyingi ndani mna virusi vinavyokula mafaili ya karakana nzima.

“Siku hizi husanifu, unanunua faili.”

Kweli kwamba unaweza. Zipo maelfu ya faili: joka la Kichina, waridi, tai mwenye mabawa, farasi. Ukizilipia kihalali, soma masharti; nyingine zinaruhusu kuuza mchongo na kukataza kuuza faili. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda msanifu, na siku moja wewe ndiye utakayeenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuisajili kazi yako.

Lakini nikipita mitaani nikaona joka lilelile kwenye milango mitatu ya jirani, najiuliza nani atamchonga chozi wa Loveridge, ndege mdogo wa misitu ya Uluguru asiyeishi penginepo duniani. Nani atachora mkungu wa ndizi kama unavyokaa kweli mgongoni mwa mlima? Waluguru, pamoja na Wakwere na majirani zao, walikuwa na viti vya mgongo mrefu vilivyochongwa kwa mti mmoja, na mgongo huo mara nyingi ulibeba umbo la mwana hiti: kiwiliwili cha mche wa duara kisicho na mikono, na nywele zilizogawanyika kama kilele cha pande mbili. Umbo hilo ni rahisi kwa kompyuta na gumu kwa macho, kwa kuwa uzuri wake wote uko kwenye uwiano. Mwanafunzi atakayelisanifu vizuri amefuzu. Ila mwana hiti alikuwa wa mwali na unyago. Kabla hujamweka kwenye mlango wa baa, nenda ukawaulize bibi zako.

“Kazi ikitoka kwenye mashine imekwisha.”

Uongo. Kijana wa Kihonda aliurudia mchongo wake, safari hii na picha ya vimo ya biti 16, mninga uliokauka na njia zilizokatwa vipande vinne. Ulipotoka, Lupanga ilikuwa juu ya mji kama inavyotakiwa, na Kimhandu nyuma yake kusini. Alimwita mzee.

“Shikamoo babu. Umetoka sasa.”

“Marahaba.” Mzee hakuutazama kwanza. Alifumba macho akaupitisha mkono juu yake, kutoka mjini kupanda. Kidole kikasimama. “Mto Morogoro uko wapi?”

Haukuwepo. Kwa kipimo kile, korongo la upana wa meta mia moja ni milimita moja ubaoni, na biti yenye ncha ya milimita sita ilikuwa imeteleza juu yake kama mtu anayevuka mfereji kwa hatua moja. Kijana akaeleza hivyo, kwa usahihi kabisa, na akasema anaweza kuituma biti ndogo.

“Itume,” mzee akasema, “ila huu niachie.” Akachukua bobari nyembamba kuliko zote, akaweka kidole gumba cha kushoto mbele ya makali, na kuanzia chini ya Morningside, huko mlimani, akaanza kuuteremsha mto kuelekea mjini, polepole, akikata kona alizozivuka kwa miguu alipokuwa mtoto.